Maji ya Ndoo Moja, Majibu Mawili

Bibi aliiweka chupa ya pili mezani, kando ya ile aliyoileta asubuhi, akavuta kigoda akakaa. Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Fundi," akasema, "haya ni maji ya ndoo moja, nimeyachota kwa kikombe kimoja. Saa mbili umeniambia moja nukta nane. Sasa hivi unaniambia moja nukta nne. Mimi nimshike yupi, fundi wa asubuhi au fundi wa mchana?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie chupa zote mbili, nikamsindikiza hadi barabarani, kisha nikarudi kwenye banda langu hapa Usa River na kukikalia kile chombo cha kupima floraidi nilichokijenga kwa miezi minane. Kwa maji ya kwetu, tofauti hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha floraidi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Jibu la asubuhi lilimwambia Bibi abadilishe mkaa wa chujio lake. Jibu la mchana lilimwambia aendelee kuwanywesha wajukuu maji yale yale.

Anayeishi upande huu wa Mlima Meru anaijua habari ya floraidi tangu utotoni. Imo kwenye miamba ya volkano, maji yanaibeba yakipita humo, na mto Maji ya Chai unajulikana kwa hilo. Watoto wanaota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, na kiasi kikiwa kikubwa kwa miaka mingi mifupa nayo inaharibika. Ngurdoto, jirani kabisa na sisi, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na njia inayojulikana zaidi huku ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: unaujaza kwenye ndoo, maji yanapita taratibu, floraidi inabaki kwenye mkaa. Shida ni kwamba mkaa unachoka. Ukichoka, maji hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Mama anaendelea kuchota kwa imani mpaka mtu ampimie.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni mwalimu wa kemia wa sekondari, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa analeta redio yake kwangu. Alikuwa na dawa nyekundu inayoitwa SPADNS, iliyounganishwa na madini ya zirikoni. Ukiitia kwenye maji yenye floraidi, floraidi inaing'ang'ania zirikoni na kuiondoa kwenye rangi, hivyo wekundu unapungua. Floraidi nyingi, wekundu kidogo. Dawa hiyo ina asidi na sumu, kwa hiyo anayeishika ni Mwalimu peke yake, na mabaki anaondoka nayo. Alichokuwa anataka kwangu ni jicho la kuupima wekundu, kwa sababu macho ya watu wawili yakitazama chupa moja hayakubaliani.

Wazo lenyewe ni jepesi. Upande mmoja unaweka taa ya LED ya kijani inayokaribia njano, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 570, kwa kuwa hapo ndipo dawa hii inaponyonya mwanga. Katikati unaweka kichupa cha maji chenye upana wa sentimita moja. Upande wa pili unaweka fotodayodi, kidude kinachotoa umeme kikipigwa na mwanga. Maji yakiwa meupe umeme unakuwa mwingi, na yakiwa mekundu unapungua. Ukijua uwiano wa hizo mbili unapiga logi, ile ya hesabu za sekondari, na Mwalimu ana mstari wake wa kugeuza logi kuwa miligramu.

Nilidhani kazi itakuwa kwenye kuchonga kile kisanduku. Kazi ilikuwa kwenye neno "umeme" lenyewe. LED za rangi ile zina mwanga hafifu, na nilipoongeza nguvu ilipata joto na mwanga wake ukawa unashuka polepole huku napima. Ikanibidi niipe miliampea 2 tu, tena nipitishe mwanga kwenye tundu jembamba na kioo cha kuchuja rangi. Mwisho wa safari yote hiyo, fotodayodi ilikuwa inatoa nanoampea 8, yaani sehemu nane za bilioni za ampea, kwa maji meupe, na nanoampea 2 kwa maji yenye dawa. Testa yangu, ambayo nimeitegemea kwa miaka kumi na saba ya ufundi, ngazi yake ya chini kabisa ni mikroampea 200, na tarakimu ya mwisho kwenye kioo chake ni nanoampea 100. Mkondo niliotaka kuupima ulikuwa sehemu ya hamsini ya kitu kidogo kuliko vyote ambavyo mkono wangu ulikuwa umewahi kupima.

Mkondo mdogo hivyo unaugeuza kuwa volti kwa opampu, ile chipu ya kukuza umeme, na rezista kubwa, kidude kinachoubana mkondo. Rezista ya megaomu 100 inaifanya kila nanoampea moja kuwa volti 0.1. Rezista ya ukubwa huo sikuipata dukani Arusha mjini, nikaunga kumi za megaomu 10 kwa msururu, miguu yake ikiwa hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Opampu ya kwanza niliyochomeka ni LM358, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye droo ya kila fundi. Ikakwama chini, haipandi hata nimulike tochi. Nilibadilisha tatu nikidhani mbovu. Hazikuwa mbovu hata moja. Mguu wa kuingilia wa LM358 wenyewe unatoa mkondo wa kama nanoampea 45, jambo ambalo kwenye redio na chaja halina maana yoyote, lakini hapa ni mara tano ya kile nilichotaka kukipima. Nilikuwa naweka ndoo ya maji kwenye mizani kisha naangalia kama nzi ameikalia.

TL072 niliyoing'oa kwenye amplifaya ya zamani ina mkondo mdogo sana wa kuingilia, kama pikoampea 65, ila haifanyi kazi vizuri kwenye volti 5 zinazoendesha chombo changu. Nikaagiza LMC662, ambayo mguu wake kwa kawaida unavuta femtoampea 2. Femto ni sehemu ya elfu ya piko, na piko ni sehemu ya elfu ya nano. Ili mtu azione hizo namba: pikoampea moja ni elektroni milioni 6.2 zinazopita kila sekunde. Inasikika kama umati. Kwenye waya wa pasi ya umeme wanapita matrilioni ya umati kama huo kwa wakati mmoja.

Pamoja na opampu nikaagiza kigeuzi, ile chipu inayosoma volti na kutoa namba. Nilitafuta cha biti 24, na hapa ndipo nilipojijengea imani ambayo baadaye ilinigharimu. Biti 24 ni ngazi 16,777,216. Kwa kipimo cha kutoka hasi volti 2.5 hadi chanya volti 2.5, kila ngazi ni mikrovolti 0.3, na ukigawa kwa megaomu 100, ngazi moja ni sehemu tatu tu za elfu za pikoampea. Nilimwambia Mwalimu kwamba sasa tuna jicho ambalo halidanganyiki.

Kilipofika na kuanza kuandika namba kwenye kompyuta, tarakimu za mbele zilitulia, lakini za nyuma zilicheza bila kupumzika. Nilihangaika na risasi mpya ya kuungia, waya mfupi, betri badala ya chaja, na kila hatua ilisaidia kidogo, mpaka nikafika mahali pasipopungua tena. Nilipokaa na hesabu nikaelewa kwamba nimefika kwenye sakafu. Rezista yoyote yenye joto, hata la chumba tu, ina elektroni zinazotikisika ndani yake, na mtikisiko huo ni volti. Johnson aliupima na Nyquist akaueleza, wote wawili wakachapisha mwaka 1928. Kwa megaomu 100, nikisoma mara kumi kwa sekunde, inakuja mikrovolti kama 3, na ukihesabu kutoka kilele hadi bonde inafika karibu 20. Hiyo ni ngazi 64 za kigeuzi changu, yaani biti 6 za mwisho. Zilizobaki za kweli ni 18. Hakuna duka linalouza rezista ya kuniondolea jambo hilo, na hata nikiiweka kwenye barafu litapungua kidogo tu. Lakini mikrovolti 20 ni pikoampea 0.2, na mimi nilihitaji kutofautisha pikoampea kumi hivi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha mara hamsini.

Kuna jambo moja kigeuzi hiki kilinifanyia ambalo nalishukuru hadi leo. Umeme wa ukutani ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na unaingia kwenye saketi ya namna hii hata kama hujachomeka chochote, kupitia hewani tu. Vigeuzi vya aina ya delta-sigma havipigi picha ya papo kwa papo, vinakusanya kwa muda kisha vinatoa wastani. Nikikiambia kisome mara kumi kwa sekunde, kila namba inakusanywa kwa milisekunde 100, ambazo ni mizunguko mitano kamili ya umeme wa ukutani. Nusu zinazopanda na nusu zinazoshuka zinafutana. Nilipokuwa nasoma mara thelathini kwa sekunde, nikiona nafanya haraka, namba ziliyumba kama mlevi. Niliporudi kumi zikasimama.

Basi, usiku ule wa chupa mbili za Bibi, nilikuwa na chombo chenye sakafu ya pikoampea 0.2, na majibu mawili kwa maji ya ndoo moja.

Kwanza nililaumu dawa, kwa kuwa Mwalimu alishaniambia kwamba rangi yake inabadilika na joto, ndiyo maana sampuli na maji ya kulinganishia vinatakiwa kuwa na joto moja. Tukapima tena vyote vikiwa vimekaa kwenye beseni moja usiku kucha. Asubuhi 1.8. Mchana 1.4. Nikailaumu LED. Nikaiwasha nikaiacha saa nzima, nikasoma kila dakika, haikusogea kiasi cha kueleza tofauti ile. Siku ya tatu, nikiwa nimechoka kukisia, niliondoa kichupa, nikazima LED, nikafunika sanduku kwa blanketi nzito, nikasoma giza tupu.

Hapo lazima nieleze jambo nililokuwa nalifanya. Kila asubuhi, kabla ya kazi, nilikuwa nasoma giza mara moja, naandika kwenye daftari, kisha natoa namba hiyo kwenye vipimo vyote vya siku nzima. Nilijua fotodayodi na opampu haviwezi kutoa sifuri kamili. Sikujua kwamba giza lenyewe lina saa zake.

Saa moja asubuhi, kukiwa na ukungu ule wa Julai unaoshuka kutoka Meru na kulowanisha hata vitasa vya milango, giza lilikuwa nanoampea 0.2. Saa nane mchana, jua likiwa limepiga bati la banda langu tangu saa nne, giza lilikuwa limeshuka karibu na sifuri. Mimi nilikuwa natoa 0.2 ya asubuhi kwenye vipimo vya mchana, wakati hiyo 0.2 haikuwepo tena.

Ifuate hesabu kidogo, maana ndiyo iliyoniumiza. Maji meupe niliyoyapima asubuhi yalitoa 8. Sampuli ya Bibi, kwa haki yake, ilitoa 2. Logi ya 8 kwa 2 ni 0.602. Mchana nilitoa 0.2 ambayo haipo, sampuli ikasomeka 1.8, na logi ya 8 kwa 1.8 ni 0.648. Wekundu ukaonekana mwingi kuliko ulivyo, na wekundu mwingi maana yake floraidi kidogo. Kwenye mstari wa Mwalimu tofauti hiyo ni miligramu 0.2 kwa lita. Halafu maji ya Bibi tulikuwa tumeyachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, ili yaingie kwenye eneo ambalo dawa inasoma vizuri, kwa hiyo jibu linazidishwa kwa mbili na kosa nalo linazidishwa kwa mbili: 0.4. Hiyo ndiyo njia nzima kutoka 1.8 hadi 1.4. Na ukiangalia kosa lilielekea wapi, lilielekea kubaya. Lingemfanya Bibi abadilishe mkaa mapema ningemla hela kidogo tu. Hili lilikuwa linamwambia maji mabaya ni mazuri.

Sasa 0.2 hiyo ilikuwa inatoka wapi? Niliikuta kwa bahati. Niliinama karibu na bodi nikiitafuta solda iliyokauka vibaya, nikapumua. Namba kwenye kioo ikaruka hadi 3. Nikajizuia pumzi, ikaanza kushuka, taratibu, kwa dakika kadhaa. Nikapumua tena, ikaruka tena. Nilikaa pale nikipumua na kusubiri mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Bodi ile, ambayo kila fundi anaichukulia kuwa haipitishi umeme, ilikuwa inapitisha. Njia ya shaba inayotoka kwenye fotodayodi ilikaa kwenye nusu ya volti 5, na milimita moja pembeni yake ilipita njia ya hasi. Kati yao kulikuwa na mabaki ya flaksi, ile dawa inayosaidia risasi kushika, niliyoyaacha wakati wa kuchoma risasi, na alama za vidole vyangu, jasho na chumvi. Vikikauka havina neno. Vikinyonya ukungu vinakuwa rezista. Volti 2.5 ukizigawa kwa nanoampea 0.2 unapata gigaomu 12 na nusu. Ukiwa na testa ya kawaida, hiyo inasoma kama waya uliokatika kabisa. Nilikuwa nimeshaipima kwa testa mara nyingi, na kila mara ikaniambia pako safi.

Kigeuzi changu cha biti 24 kilikuwa na sakafu ya pikoampea 0.2, na uchafu wa vidole vyangu ulikuwa pikoampea 200. Mara elfu moja. Ningenunua cha biti 32, kingenionyesha uchafu ule ule kwa tarakimu nyingi zaidi.

Niliosha bodi kwa spiriti ya isopropili na mswaki mpya, mara tatu, kila mara kwa spiriti safi, kwa sababu ukitumia ile ile unahamisha flaksi kutoka hapa kwenda pale. Baada ya hapo nikaikausha juu ya jiko lililobaki na joto tu, nikaacha kuishika kwa vidole, naishika kingo. Giza la asubuhi likashuka hadi 0.03. Haikunitosha. Nikaung'oa mguu wa kuingilia wa opampu kutoka kwenye tundu lake, nikaukunja juu, nikaunga fotodayodi na msururu wa rezista hewani moja kwa moja kwenye mguu huo. Hewa ya Usa River, hata yenye ukungu, haivujishi kama bodi chafu. Pale ambapo waya ulihitaji pa kuegemea nilitumia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo ni tefloni, nikaizungusha tabaka nyingi kwenye kijiti na kuegemeza hapo. Tefloni haipendi maji, matone yanakaa juu yake bila kutandaa.

Pale ambapo sikuweza kukwepa bodi, nilizungusha njia ya shaba pande zote za sehemu nyeti, nikaiunga kwenye ile nusu ya volti 5. Mafundi wa vipimo wanaiita pete ya ulinzi. Siri yake ni kwamba umeme hauvuji kati ya sehemu mbili zenye volti sawa, hata uchafu uwe mwingi kiasi gani. Uvujaji unaotoka kwa majirani unaishia kwenye pete, hauvuki kuingia ndani. Naipenda mbinu hii kuliko zote, maana haimwombi fundi awe msafi kila siku ya maisha yake.

Mambo mengine yalikuwa mepesi zaidi. Saketi nzima iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililounganishwa na hasi, kwa sababu mjukuu wa Bibi alipopita karibu na meza na sweta lake la nailoni namba zilipinda upande wake. Waya wa fotodayodi niliufupisha na kuufunga usicheze, maana waya unaotikiswa unazaa umeme wake wenyewe kwa msuguano wa ndani. Nilikusanya vile vifuko vya punje zinazonyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nikaviweka ndani ya kopo, navikausha tena kila mwezi kwenye kikaango.

Lakini badiliko kubwa halikuwa la vifaa. Niliacha kusoma giza mara moja kwa siku. Sasa LED inawaka, nasubiri sekunde mbili namba itulie, nasoma. Inazimwa, nasubiri sekunde mbili, nasoma giza. Inawaka tena. Mara kumi hivyo kwa kila kichupa, na kila mwanga unatolewa giza la pembeni yake, la dakika hiyo hiyo. Ukungu ukiingia, ukitoka, jua likipiga bati, giza linasogea, na mimi nasogea nalo. Kama ningeanza na utaratibu huu siku ya kwanza, ile bodi chafu isingemdanganya mtu. Ningekuwa na kipimo chenye namba zinazocheza zaidi kidogo, basi. Kuosha bodi kulinipa namba nzuri, kuwasha na kuzima kulinipa namba za kweli, na kama ningeambiwa nichague kimoja nisingefikiri mara mbili.

Nikatengeneza na shahidi. Msururu mwingine wa megaomu 100, nikiupa volti 0.1 zilizopimwa vizuri, unatoa nanoampea 1 kamili. Nauchomeka mahali pa fotodayodi kila Jumatatu asubuhi na kila Jumatatu mchana, tena naiwasha na kuizima volti ile kama LED. Isiposoma 1 zote mbili, sipimi maji ya mtu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu. Daftari langu lilikuwa na majibu 23 niliyoyatoa mchana tangu baridi ilipoanza. Mwalimu alisema, "Tutayarudia yote," wala hakuniuliza mara mbili imekuwaje. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na chupa tupu, tukieleza kwamba majibu ya kwanza yasitumike. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Baba mmoja aliniuliza kwa nini alipe tena, nikamwambia halipi. Kati ya hayo 23, manne yalikuwa yamevuka kiwango ilhali mimi nilikuwa nimeyaandika salama. Nyumba mbili kati ya hizo nne zina watoto chini ya miaka minane, umri ambao meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya.

Kwa Bibi nilikwenda peke yangu, jioni. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia, "Bibi, fundi wa asubuhi ndiye aliyekuwa anasema kweli. Badilisha mkaa." Alinyamaza kidogo, halafu akamwita mjukuu aimwage ndoo kwenye migomba.

Wiki mbili baadaye alikuja na maji ya mkaa mpya, asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani. Hakutaka kuacha chupa na kuondoka. Akavuta kigoda kile kile akakaa karibu na kopo, nikamwomba asogee nyuma kidogo kwa ajili ya sweta, akasogea. Kioo kikaandika namba ndogo, karibu na sifuri.

"Hayo ndiyo maji yangu?"

"Bado, Bibi. Hilo ni giza. Taa haijawaka."

Akaitazama ile namba kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Haya," akasema, "washa."